Kitambulisho kwenye kaunta ya pombe Uingereza: kipi kinapita, kipi kinagoma

Umri wa kununua pombe Uingereza ni miaka 18. Kibao kilichobandikwa kwenye kaunta kinasema 25. Hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu wanapoanza kubishana: "Mimi nina miaka 27, unaniuliza kwa nini?" Kuna na wa upande wa pili, kijana wa miaka 20 anayekiona kile kibao, akarudisha bia kwenye friji na kuondoka kimyakimya akidhani hajafikisha umri. Wote wawili wamekisoma vibaya.

Ile 25 haihusu umri wako, inahusu sura yako. Utaratibu wenyewe unaitwa Challenge 25, na keshia amefundishwa ajiulize swali moja tu: huyu anaonekana amefika miaka 25? Akijijibu hapana, au akisita, anaomba kitambulisho. Ukikitoa kikaonyesha umetimiza 18, unauziwa, hata kama umetimiza jana. Kumtofautisha kijana wa miaka 17 na wa 19 kwa macho ni kubahatisha, hasa kama mmoja ana ndevu au amejipodoa. Lakini ni nadra mtu wa miaka 17 kuonekana wa 26. Ile miaka saba ya katikati imewekwa makusudi, ili jicho likikosea likosee mahali pasipo na madhara. Kwa hiyo mtu wa miaka 31 akiombwa kitambulisho hakuna kilichoharibika. Wengine hata hufurahi.

Kisheria kuna tofauti ambayo hata baadhi ya wafanyakazi wa madukani hawaijui. England na Wales, tangu 1 Oktoba 2010, kila mahali penye leseni ya kuuza pombe lazima pawe na sera ya kuhakiki umri. Sheria yenyewe haitaji 25. Inasema anayeonekana yuko chini ya 18, au chini ya umri mkubwa zaidi uliowekwa na sera ya duka, aombwe hati kabla ya kuhudumiwa. Maduka ndiyo yaliyochagua 25. Mwanzoni mengi yalikuwa na 21, na baadhi ya baa bado zinatumia 21 hadi leo. Uskoti ni tofauti: kule, tangu 1 Oktoba 2011, ile 25 imo ndani ya sheria yenyewe.

Hati inayokubalika England na Wales lazima iwe na vitu vitatu: picha yako, tarehe ya kuzaliwa, na alama ya usalama, yaani hologramu au alama inayoonekana chini ya mwanga wa urujuanimno. Shika hivyo vitatu, maana karibu kila ugomvi wa kaunta unatokana na hati kukosa kimojawapo.

Kwa nini keshia hana mchezo

Watu wengi wanadhani keshia anatetea mali ya tajiri wake. Anajitetea yeye. Chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, kosa la kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni la mtu aliyeuza, yule yule aliyepitisha chupa kwenye mashine. Polisi anaweza kumwandikia faini ya papo hapo ya pauni 90. Ikienda mahakamani, faini haina kikomo. Duka nalo lina hesabu yake: likikamatwa limeuza mara mbili ndani ya miezi mitatu, linaweza kushtakiwa, au badala ya kushtakiwa lisimamishwe kuuza pombe kwa muda usiopungua saa 48 na usiozidi saa 336, yaani wiki mbili. Juu ya hapo leseni inaweza kuitwa ipitiwe upya.

Nao hukamatwaje? Maofisa wa Trading Standards, yaani wakaguzi wa biashara wa halmashauri, mara nyingi pamoja na polisi, huwatuma vijana walio chini ya miaka 18 waende kununua huku wenyewe wakiwa karibu. Kijana anaingia, anachukua bia mbili, anapanga foleni kama mtu yeyote. Kuna na jaribio la aina ya pili, ambalo si la serikali: makampuni ya maduka hukodi watu wa miaka 18 hadi 24 waje kununua, ili ionekane kama keshia anaomba kitambulisho. Kumuuzia huyo wa pili bila kuuliza si kosa la jinai, kwa kuwa ana umri wa kununua, lakini keshia anaitwa ofisini, na mahali pengine anapoteza kazi.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hufanya kazi hizi za kaunta kwa zile saa 20 za wiki wanazoruhusiwa wakati wa muhula. Kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu fomu za viza huuliza kuhusu makosa na adhabu. Ukiwa upande huo wa kaunta, ijue vizuri kinga ambayo sheria imekupa: ukimwomba mnunuzi ushahidi wa umri, naye akakuonyesha hati ambayo ingemridhisha mtu yeyote mwenye akili timamu, unahesabiwa kuwa umechukua hatua zote zinazostahili. Hata ikija kugundulika baadaye kwamba hati ilikuwa ya kughushi iliyotengenezwa vizuri, una pa kusimama. Asiyeuliza anabaki na utetezi mmoja mwembamba, kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kushuku kwa sura kuwa yule yuko chini ya 18. Uende ukaeleze hivyo mbele ya hakimu huku picha ya kamera inaonyesha mtoto wa miaka 16.

Ndiyo maana keshia akishaomba kitambulisho harudi nyuma. Kuomba ni kukiri kwamba ana shaka. Akikuachia baada ya kuomba, atakuwa ameuza huku ana shaka, na hiyo ni mbaya kuliko kutouliza kabisa. Maneno ya kubembeleza, "dada yangu, nimeisahau nyumbani", hayamsaidii hata akitaka kukusaidia.

Ukimwona keshia mwenyewe ni kijana mdogo anaita msimamizi kila inapopita chupa, usikasirike. Keshia aliye chini ya miaka 18 hawezi kuuza pombe mpaka mtu mwenye mamlaka aidhinishe kila mauzo. Kwenye mashine za kujilipia ni vivyo hivyo: ukipitisha pombe mashine inagoma, taa inawaka, unasubiri mhudumu aje. Foleni ikiwa ndefu na una bia moja tu, nenda kwenye kaunta yenye mtu, utamaliza haraka zaidi.

Hati

Pasipoti inapita, ya nchi yoyote. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, zote zina picha, tarehe na alama za usalama, na Uskoti pasipoti imetajwa kwa jina kwenye orodha ya sheria. Tatizo la pasipoti ni kutembea nayo. Pasipoti iliyodondoka kwenye teksi saa saba usiku ni safari ya ubalozini, ripoti ya polisi, malipo, na kusubiri, halafu una tiketi ya kwenda nyumbani Desemba. Kwa maoni yangu pasipoti haifai kwenda baa. Iende supamaketi mchana, basi.

Leseni ya udereva ya Uingereza ndiyo hati inayoonyeshwa zaidi, na huhitaji kujua kuendesha gari ili uipate. Ile ya mwanafunzi wa udereva, ya rangi ya kijani, inapita sawasawa na ile kamili ya rangi ya waridi. Ombi la mtandaoni ni pauni 34, la posta pauni 43, na lazima uwe umeruhusiwa kuishi Uingereza kwa siku zisizopungua 185. Kama huna pasipoti ya Uingereza, soma kwanza DVLA, mamlaka inayotoa leseni za udereva, watataka utume hati gani kwa posta, na uombe wakati ambao huna safari karibuni. Hesabu ni nyepesi: kadi moja kwenye pochi, pasipoti inabaki kabatini.

Njia ya tatu ni kadi yenye nembo ya PASS. Huu ni mpango wa kitaifa wa uthibitisho wa umri ulioanza mwaka 2001. Kadi zenyewe hutolewa na watoaji mbalimbali, lakini zote lazima ziwe na hologramu ya PASS. Ukiomba, unatuma nakala ya hati yako na unahitaji mtu wa kukuthibitisha, kama vile mwalimu au mtu mwingine wa taaluma inayokubalika. Chagua iliyoandikwa 18+ wazi. Kadi nyingine za ujana zinafanana nayo kwa mbali lakini hazina hologramu hiyo, na zitakataliwa. Keshia mzoefu haangalii jina la mtoaji, anaangalia hologramu. Wachache wasioijua wataigomea hata iliyo halali; hapo ombeni msimamizi aje, mara nyingi yeye anaijua.

Kadi za wanajeshi wa Uingereza na vitambulisho vya taifa vya nchi za Umoja wa Ulaya navyo hupita mahali pengi. Mswahili mwenye uraia wa Ubelgiji au Ujerumani ana nafuu hapo.

Sasa zinazogoma. Kitambulisho cha taifa cha Kenya, cha NIDA cha Tanzania, Ndaga Muntu ya Uganda: usizitegemee. Si kwamba ni hati mbovu. Kwa England na Wales, kadi yenye picha, tarehe na alama ya usalama ingeweza kupita kwa maneno ya sheria, lakini keshia hajawahi kuiona, hajui hologramu yake iweje, na sera ya duka lake haijaitaja. Hawezi kuridhika na kitu asichokijua. Uskoti hata mjadala haupo, kwa sababu kadi za taifa zilizo kwenye orodha ya sheria ni za Ulaya tu. Leseni ya udereva ya kwetu ni hivyo hivyo, ingawa unaweza kuendeshea gari kwa miezi 12 ya kwanza. Barabara na kaunta ya pombe zina sheria zake tofauti.

Kadi ya chuo ina picha, lakini nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya benki haina picha wala tarehe. Cheti cha kuzaliwa kina tarehe bila picha. Picha ya pasipoti iliyo kwenye simu ina vyote ila hologramu, kwa sababu hologramu ni kitu cha kukiinamisha kwenye mwanga, na kioo cha simu kinaonyesha picha tu ya hologramu. Hii ya simu ndiyo inayowaponza watu wengi kuliko zote. Serikali ilitangaza Desemba 2024 mpango wa kuruhusu vitambulisho vya kidijitali kwenye mauzo ya pombe, lakini hiyo ni programu iliyohakikiwa rasmi, si picha uliyoipiga mwenyewe mezani.

Halafu kuna kadi ya ukaazi, BRP. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mkombozi wa wanafunzi wetu: ndogo, ina picha, ina hologramu. Karibu zote ziliandikwa mwisho wake 31 Desemba 2024, mahali pake pakaja eVisa. Na eVisa si kadi. Ni ukurasa kwenye akaunti yako, unaotolea msimbo wa kumwonyesha mwenye nyumba au mwajiri. Ukimfungulia keshia wa supamaketi ukurasa huo umempa simu tu. Wengi waliokuwa hawajali mambo ya leseni ya kijani walianza kuiomba baada ya hapo.

Hati iliyokwisha muda: maduka mengi yanakataa. Unaweza kusema umri haurudi nyuma, na kimantiki una haki kabisa, ila sera za maduka mengi zinadai hati hai, na keshia hakuziandika yeye.

Jinsi hati inavyosomwa

Kwenye leseni ya Uingereza mistari ina namba. 1 ni jina la ukoo, 2 ni majina mengine, 3 ni tarehe ya kuzaliwa, 4a ni siku ilipotolewa, 4b ni siku inapokwisha, 5 ni namba ya dereva. Keshia mgeni hukimbilia 4b kwa kuwa nayo ni tarehe. Macho yaende kwenye 3.

Namba 5 ina kitu kizuri ndani yake. Herufi tano za kwanza hutoka kwenye jina la ukoo, halafu zinafuata tarakimu sita zenye tarehe ya kuzaliwa iliyopangwa kivyake: tarakimu ya muongo, mwezi, siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Mwanaume aliyezaliwa 14 Machi 2004 atakuwa na 003144: 0 ya muongo wa 2000, 03 ya Machi, 14 ya siku, 4 ya mwaka. Mwanamke wa siku hiyo hiyo atakuwa na 053144, kwa sababu tarakimu ya kwanza ya mwezi wa mwanamke huongezewa 5. Anayechezea leseni hubadilisha tarehe kwenye mstari wa 3 na kuisahau namba ya 5. Mistari hiyo miwili ikipishana, hati inarudi kwa mwenyewe na pombe inarudi rafu.

Pasipoti nayo ina mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Angalia wa pili. Baada ya namba ya pasipoti na tarakimu yake ya uhakiki utaona herufi tatu za nchi, KEN, TZA, UGA, COD, kisha tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Huyo wetu wa 14 Machi 2004 ataandikwa 040314, na inayofuata ni tarakimu ya uhakiki. Inapatikana kwa kuzidisha tarakimu hizo sita kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Hapa ni 0 + 12 + 0 + 21 + 3 + 4, jumla 40, kwa hiyo tarakimu ni 0 na utasoma 0403140. Hakuna keshia anayepiga hesabu hiyo Ijumaa jioni. Lakini kulinganisha tarehe ya juu na ya chini ni kazi ya sekunde mbili.

Uingereza siku hutangulia mwezi, kama kwetu, kwa hiyo 04/11 ni Novemba. Ukivuka kwenda Marekani, ambako umri ni 21, watu wameizoea mwezi kwanza na 04/11 wataisoma Aprili. Pasipoti zinazoandika mwezi kwa herufi zinaepusha balaa hilo.

Jambo jingine kuhusu tarehe: ndugu wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia waliopitia makambini hati zao zimeandikwa 1 Januari, kwa kuwa siku halisi haikujulikana wakati wa kuandikishwa. Keshia anayeziona mbili tatu kwa siku anaanza kushuku. Si sababu ya kukataa. Hati ikiwa halali na sura ikifanana, tarehe ni tarehe.

Ukiwa ndiye unayekagua, ichukue hati mkononi, usikubali kuonyeshwa ikiwa ndani ya dirisha la plastiki la pochi. Pitisha kidole gumba ukingoni, maana kadi iliyobandikwa picha juu ina kijigongo. Inamishe, hologramu ibadilike. Kisha sura, na hapa ndipo watu wetu wanapopata tabu zaidi: picha ina nywele za kawaida, mwenyewe amesuka rasta, au ana wigi, au amenyoa kipara. Achana na nywele. Angalia masikio, pua, nafasi kati ya macho, kidevu, kovu kama lipo. Ukibaki na shaka uliza swali la kuzunguka. Tarehe ya kuzaliwa ataitaja bila kukosea, ameikariri njiani. Muulize ana miaka mingapi, au mwaka huu anatimiza mingapi, au msimbo wa posta ulio kwenye leseni. Mwenye hati hujibu bila kufikiri. Aliyeazima hupiga hesabu usoni.

Na kuazima ndiko kunakokamatwa mara nyingi, pasipoti ya kaka, leseni ya binamu, si zile za kughushi. Vijana huona ni mchezo kwa kuwa hati ni halali. Sheria ya hati za utambulisho ya mwaka 2010 haioni hivyo: kuwa na hati ya mtu mwingine kwa nia ya kuitumia kujitambulisha ni kosa, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka kumi. Ni kweli kijana aliyejaribu kununua bia hafungwi miaka kumi. Lakini kaka aliyeazimisha pasipoti yake, akiwa na ombi la ukaazi mezani kwa maofisa, amejitafutia maswali ambayo hakuyahitaji.

Kununulia wengine

Nyumbani mzazi humwita mtoto, "Juma, shika hela, nenda kwa Mangi uniletee bia mbili", na muuzaji anamjua Juma na anaijua bia ya baba yake. Uingereza kumtuma aliye chini ya miaka 18 akachukue pombe dukani ni kosa la anayetuma. Limeandikwa hivyo kwenye sheria ya 2003. Kumnunulia ni kosa jingine, nalo lina faini ya papo hapo.

Kutokana na hilo maduka mengi huangalia kundi zima. Mkienda watano, mmoja ana kitambulisho na wengine mnachangishana hela mbele ya kaunta, mjue keshia anaona mauzo kwa watu watano. Anaweza kutaka hati za wote, na mmoja akikosa, wote mnakosa. Sheria haimlazimishi kuuliza kundi zima, ila inamruhusu kukataa. Mwenye hati aingie peke yake, alipe kwa hela yake, mkutane nyumbani. Mzazi mwenye mtoto kwenye kitoroli kati ya maziwa na mkate hana shida hiyo, ingawa ukimuuliza mwanao wa miaka 16 kwa sauti "unataka ya tangawizi au ya tufaha?" mbele ya rafu ya saida (cider, pombe ya matunda), umejitafutia kukataliwa.

Mgahawani kuna nafasi moja. England na Wales, kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida pamoja na chakula cha mezani, akiwa na mtu mzima, na mtu mzima ndiye aagize. Pombe kali haimo. Mgahawa una hiari ya kukataa, na mingi hukataa.

Kinywaji kisichozidi asilimia 0.5 ya kilevi si pombe mbele ya sheria. Ukiombwa kitambulisho kwa bia ya 0.0, hiyo ni sera ya duka. Mimi naona ni kuzidisha, lakini mashine imepangwa hivyo na keshia hana kitufe cha kuipinga.

Ukiagiza mtandaoni, dereva atakuomba kitambulisho mlangoni, kwa kanuni zile zile. Haijalishi ulibonyeza "nina miaka 18" wakati wa kulipa. Akimkuta mdogo wako peke yake, ataacha mchele na mafuta na kurudi na mvinyo. Ukijua hutakuwepo, usiweke pombe kwenye oda hiyo.

Ukikataliwa, usimtume rafiki aje achukue chupa ile ile, wameshakuona pamoja. Duka halilazimiki kukuuzia, ila halina ruhusa ya kukataa kwa sababu ya rangi au asili yako. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza. Ukihisi ndivyo ilivyokuwa, andika saa, kaunta, na walichokuambia, kisha mwandikie meneja kesho yake ukiuliza sera yao ya hati inasemaje. Hapo kaunta, foleni ikiwa nyuma yako, hakuna anayeweza kukutatulia.

Na ukiwa wewe ndiye uliyekataa, foleni ikiisha tu fungua daftari la waliokataliwa, au kwenye mashine kama lenu liko humo. Andika tarehe, saa, kinywaji, sababu, mnunuzi alivyokuwa bila kumtusi, na jina lako. "Jumamosi, 19:40, vodka ya nusu lita, kijana wa kiume, koti jeusi, alionyesha picha kwenye simu." Daftari lililokaa miezi miwili bila mstari hata mmoja ndilo la kwanza kuulizwa na ofisa akija kukagua, kwa sababu hakuna duka la pombe linalopitisha miezi miwili bila kumkatalia mtu.